Mashine ya kuvuta shingo: bima haijali unaumwa kiasi gani, inasoma karatasi

Kila wiki lazima nipigiwe simu na mtu, mara nyingi mtoto wa mzee: kaka, daktari kamwandikia mama ile mashine ya kuvuta shingo nyumbani, Medicare, ile bima ya serikali ya Marekani hasa ya wazee, wamekataa, hivi wanatuonea au? Mimi kazi yangu ni bili za vifaa tiba vya nyumbani, niko Texas, na jibu langu huwa ni lilelile, nitumieni kwanza alichoandika daktari.

Manake vifaa vyenyewe haviko sawa. Kuna kile cha mlangoni, kodi yake E0860 (tulieni, sio kodi ya TRA, ni namba ya kudaia hela). Kile ni chuma unakitundika juu ya mlango, kina kapi na kamba, upande huu mkanda unashika kidevu na kisogo, upande ule mfuko unajaza maji mpaka ufike uzito ulioandikiwa, unakaa hapo kwenye kiti kama ndoo ya kisimani inasubiri kuvutwa. Ni rahisi, wengi wanajinunulia tu. Halafu kuna E0849, ya kupampu hewa, hii haigusi taya kabisa, na E0855 ambayo haihitaji stendi wala fremu. Hizi mbili ndio bei imesimama na ndio kwenye kesi zote.

Kwa chochote kati ya hivyo Medicare wanataka vitu viwili: uwe na tatizo la misuli, mifupa au neva linalohitaji kuvutwa shingo, na pili uwe umeonyeshwa jinsi ya kukitumia ukakijaribu na ukakiweza. Hilo la pili watu wanalipuuza sana. Mtaalamu wa tiba ya viungo kakuvuta vizuri tu kliniki, umetoka unatabasamu, lakini kwenye faili hakuna hata mstari mmoja, basi kwa bima hukuvutwa.

Ukitaka E0849 au E0855 unaongeza sababu moja kati ya tatu. Daktari awe ameagiza uvutwe zaidi ya pauni 20, kama kilo 9 hivi, hukohuko nyumbani. Au una ugonjwa wa kiungo cha taya na umeshatibiwa. Au taya ya chini au shingo imebadilika umbo, mfano baada ya upasuaji mkubwa wa shingo, mkanda wa kidevu haukai. "Ile ya mlangoni haina raha" sio sababu, samahani.

Hapo mimi mwenyewe nilishaumbuka. Kuna mteja, mama mmoja hivi, kliniki wakaniambia kwa simu ameandikiwa pauni 25, nami nikaweka modifaya ya KX, yaani alama ya herufi mbili, kwenye klemu, ile fomu ya kuidai bima, ambayo maana yake naapa kwamba masharti yote yametimia na ushahidi ninao kwenye faili. Ushahidi gani, simu? Miezi ikapita wakaomba rekodi, nafungua faili naona imeandikwa pauni 15. Hela ikarudishwa yote. Na kwa kuwa hatukuwa tumemsainisha yule mama fomu ya ABN kabla hajachukua mashine, ile inayomwambia bima inaweza kukataa na akikubali atalipa mwenyewe, hatukuweza kumdai hata senti, duka likala hasara na mimi nikaitwa ofisini. Tangu siku hiyo sigusi KX bila kusoma karatasi kwa macho yangu.

Ikikubaliwa, Part B, sehemu ya Medicare inayolipia vifaa hivi, inalipa asilimia 80 ya bei waliyoiidhinisha, asilimia 20 ni yako, na hiyo ni baada ya kumaliza kile kiasi cha mwanzo cha mwaka unacholipa mwenyewe, ambacho kwa 2025 kilikuwa dola 257. Uliza duka kama linakubali bei ya Medicare kabla hujabeba kitu.

Na kama barua ya kukataliwa imeshafika, una siku 120 tangu uipokee kuomba waangalie upya. Usijaze kurasa za malalamiko jinsi mama anavyokesha na maumivu. Rudi kliniki uombe noti za siku ile alipojaribiwa, zenye uzito, zenye jinsi alivyovumilia, zenye historia ya taya kama ipo, zikiwa na saini na tarehe, ndio uziambatanishe.