Je, wajua kwa nini wanafunzi wa ufundi wanakaa wiki darasani, wiki karakana?

Kwa miaka mingi mi nilijua mtoto akienda sekondari ya ufundi basi vitabu ndo kaviaga, kazi yake spana tu. Halafu nikaja kusikia kwamba jimbo la Massachusetts, Marekani, shule nyingi za aina hiyo wanafunzi wanasoma wiki nzima darasani, hesabu, lugha, sayansi, wiki inayofuata wako karakana, nikasema si nusu ya masomo imepotea hapo! Nilikosea kabisa. Mtihani wa jimbo wanafanya uleule wa wenzao wa shule za kawaida, na utafiti wa Shaun Dougherty, mtafiti wa elimu, uliotoka 2018 ulikuta shule hizi zinaongeza uwezekano wa kumaliza sekondari kwa wakati kwa pointi 7 hadi 10 za asilimia kwa wanafunzi wa familia zenye kipato kizuri, na dalili kwamba kwa wa kipato cha chini ni zaidi ya hapo, na alama za mtihani hazikushuka. Ila sehemu ya utafiti ililinganisha walioomba wenyewe kwenye shule tatu, wale waliopata na waliokosa nafasi kwa alama chache, kwa hiyo usiubebe ukampelekea mtoto asiyetaka ufundi.

Kwa nini wiki nzima? Kazi ya mikono haisubiri kengele. Ukifungua injini, dakika 40 zinaisha hata nati hujamaliza kuzipanga, gundi ya mbao nayo haijakauka sawasawa.

Na hesabu inamfuata mwanafunzi hukohuko. Chukua kona ya ukuta: unapima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, unaweka alama, kisha unavuta tepu kutoka alama hadi alama. Ikisoma 5 kamili kona ni nyuzi 90, ikizidi imepanuka, ikipungua imebana. Ndo kanuni ya Pythagoras hiyo ya pembetatu, 3 × 3 + 4 × 4 = 5 × 5, yaani 9 + 16 = 25. Ni kama umekariri maneno ya lugha ngeni miaka yote halafu siku moja umeongea na mwenye lugha yake, akakujibu. Ukuta unajibu.

Lakini haiji yenyewe, lazima mtu akuonyeshe kwamba tepu na ubao vinasema kitu kimoja. Marekani walijaribu kuwakalisha pamoja walimu wa ufundi na wa hesabu, wakachambua hesabu iliyojificha ndani ya kila fani na kuifundisha waziwazi, wanafunzi wakawapita wenzao kwenye mitihani miwili kati ya mitatu ya hesabu na ufundi wao haukushuka.