"Level playing field" si mgawo sawa

Hapa Tabora nasikia wengi wakisema "level playing field" wakimaanisha kila mtu apate sawa. Wengine wakisikia "level" hufikiria levo, yaani hadhi. Sivyo: katika msemo huu wa Kiingereza neno hilo ni tambarare, na "playing field" ni uwanja wa michezo. Tuseme Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi umeinamia goli moja. Wanaoshambulia kuelekea bondeni watabebwa na mteremko, wenzao watahema wakipanda. Usawazishe, na bado timu moja inaweza kufungwa matano bila kudhulumiwa. Kinachodaiwa ni masharti yaleyale, si matokeo yaleyale.

Muuza asali anayetozwa ushuru akishindanishwa na aliyesamehewa, hapo utumie msemo huu, tena kwa sauti. Akikosa wateja kwa kuwa asali yake inanuka moshi, usiutumie.