Ekografi ya ulimi wakati wa kumeza: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mjini Bukavu, mtu akisema anakwenda kupita ekografi, yaani kupigwa picha ya ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, wanaomsikia hudhani mara moja kwamba habari ni ya mimba. Dhana hiyo ina chanzo chake, kwa kuwa wajawazito ndio wanaopimwa zaidi kwa mashine hii, lakini mawimbi yake hupita popote penye nyama laini isiyofunikwa na mfupa wala hewa. Tayari mwaka 1983, watafiti Thomas Shawker, Barbara Sonies na Maureen Stone walichapisha nchini Marekani kazi iliyoonyesha ulimi ukitembea wakati mtu anameza, kifaa cha mkononi kikiwa kimewekwa chini ya kidevu.

Wengine huogopa kuchomwa na miale. Miale ni ya radio, yaani picha ya eksirei. Ekografi hutumia sauti iliyo juu mno kwa sikio la binadamu, na ndiyo sababu mgonjwa wa kiharusi anaweza kupimwa kitandani mwake, apumzike, kisha apimwe tena wiki inayofuata.

Dhana nzito kuliko zote, hata kwa watu waliosoma, ni kwamba kumeza ni kazi ya koo, na ulimi ni wa kuonja na kusema tu. Picha inaonyesha vingine. Mtu anapotia kinywani tonge la bugali na sombe, ulimi hulipeleka kwenye magego, hulikusanya likishatafunwa, na hulibeba katika mfereji unaojifanya katikati ya mgongo wake. Kisha ncha hujikita kwenye kaakaa nyuma ya meno ya juu, na mkandamizo husafiri kutoka mbele kwenda nyuma hadi tonge lifike koromeoni, yote kwa takriban sekunde moja. Kwenye skrini, uso wa ulimi ni mstari mweupe. Mstari huo ukichelewa kupanda, au ukipanda na kushuka mara kadhaa kabla ya kumeza, shida imeanza kinywani, chakula hakijafika kooni. Kumkaripia mzee kwamba anakataa kula, ilhali ulimi wake umepoteza nguvu, ni kumwonea.

Wapo pia wanaoamini kwamba ekografi itaonyesha kila kitu hadi tumboni. Sivyo. Hewa hurudisha karibu sauti yote, kwa hiyo kaakaa halionekani mpaka liguswe na ulimi au maji, na taya hutupa kivuli ambacho mara nyingi huficha ncha ya ulimi. Kujua kama chakula kimeponyokea njia ya hewa huhitaji video ya radio, mgonjwa akimeza bariamu (kinywaji kinachoonekana kwenye picha ya radio), au kamera nyembamba inayopitishwa puani. Anayekohoa kila anapokunywa maji asihesabiwe mzima kwa sababu tu ulimi wake umeonekana vizuri.

Wala si kweli kwamba aliyezoea kupima mimba tayari anajua kupima ulimi. Akikandamiza mno chini ya kidevu, anausukuma ulimi wenyewe. Kifaa kikiteleza kutoka katikati, mstari unaoonekana ni wa sehemu nyingine. Ndiyo maana watafiti hukiimarisha kifaa kwa kishikizo, huweka kichwa katika mkao uleule, na hutoa kiasi kilekile cha maji, kwa mfano mililita 5 au 10, ili mmezo wa leo uweze kulinganishwa na wa wiki ijayo.