Mtandao wa mijadala usio na seva kuu: dhana potofu na ukweli

Kila tunapokaa hapa Mbeya kupanga mtandao wa mijadala kwa wakulima wa viazi wa Uyole, Tukuyu na Makete, dhana zilezile hurudi. Nazijibu mapema, maana tukizibeba hadi kwenye ujenzi zitatugharimu.

“Bila intaneti ya saa zote, haiwezekani.”

Inawezekana, na ilishafanyika. Usenet, mtandao wa mijadala uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ulianza na kompyuta zilizopigiana simu, zikapeana ujumbe mpya, zikakata. Kila moja ilibaki na nakala yake. Ni kama mzigo uliopakiwa kwenye basi Iringa: mpokeaji wa Makambako ataukuta stendi hata kama simu yake ilizimika mchana kutwa. Itifaki ya NNTP ya mwaka 1986, yaani kanuni za kompyuta kupeana ujumbe, ilihamishia kazi hiyo kwenye intaneti. Seva, yaani kompyuta inayotunza na kusambaza ujumbe, huuliza jirani yake: nina ujumbe wenye namba hii, nikuletee? Jirani akiwa nao, hautumwi tena. Kwa hiyo Makete wakikosa mtandao siku mbili, wataendelea kusoma na kuandika, na yao yatasafiri mawasiliano yakirudi.

“Usenet uliachwa kwa sababu ulizeeka.”

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mfumo wa kusambaza ujumbe ulikuwa imara. Kilichokosekana ni uthibitisho wa mwandishi. Jina lilikuwa maandishi tu, yeyote aliweza kuandika la mwenzake. Amri ya kufuta ujumbe ilighushiwa, na hata idhini ya msimamizi ilikuwa mstari mmoja tu wa kujazwa. Aprili 1994, mawakili wawili wa Marekani walimwaga tangazo lao la bahati nasibu ya green card (kibali cha kuishi Marekani) kwenye maelfu ya makundi ya mijadala, na seva zikalisambaza kwa utii uleule. Baadaye mafaili makubwa yakajaza diski, gharama zikawalemea wenye seva.

Mrithi wake aanzie hapo. Kila mtu awe na ufunguo wa siri, yaani namba ndefu ya kompyuta, wa kutia saini ujumbe wake, na ufunguo wa wazi ambao wengine watautumia kuhakiki saini hiyo. Namba ya ujumbe ikokotolewe kutokana na maneno yenyewe, ili herufi moja ikichezewa, seva iukatae. Bei ya gunia ikitangazwa, tujue nani kaitangaza.

“Basi tunahitaji blokicheni, lile daftari la pamoja la miamala linalonakiliwa kwenye kompyuta nyingi.”

Hapana. Fedha za kidijitali zinahitaji watu wote wakubaliane nani katangulia. Katika mazungumzo yatosha kila jibu kutaja ujumbe linaoujibu.

“Bila mwenye mtandao, hakuna sheria.”

Kila seva ina mwenyewe, naye huamua apokee nini. Kwenye Mastodon, mtandao wa kijamii wa seva nyingi ulioanza mwaka 2016, seva hukata uhusiano na seva yenye fujo. Udhaifu wake ni kwamba akaunti yako imefungwa kwenye seva moja. Seva ikizimwa ghafla, akaunti inakwenda nayo. Ndiyo maana nasisitiza ufunguo ukae kwa mwenyewe.

Hilo nalo lina gharama: ufunguo ukipotea, hakuna ofisi ya kukurudishia. Na simu shambani hupotea, hulowa, huibwa. Napendekeza ufunguo mkuu uandikwe kwenye karatasi na kuhifadhiwa nyumbani, nao utoe kibali kwa ufunguo mdogo wa simuni. Simu ikiibwa, mwenyewe afute kibali hicho na kutoa kipya, jina lake likibaki lilelile.