Ziwa halikupandishwa na barafu ya Antaktika

Waulize Kidato cha Pili wa shule yoyote ya hapa Mwanza, kati ya Igombe na Mkolani, kwa nini Ziwa Victoria lilipanda mwaka 2020 hadi likaingia mialoni na kwenye bustani za ufukweni. Watakujibu kwa pamoja kama kiitikio: barafu ya ncha za dunia inayeyuka. Waulize na baadhi ya walimu wao, jibu ni hilo hilo, ila kwa Kiingereza. Inachosha, maana atlasi iliyofungiwa kabatini inatosha kulifuta ndani ya dakika mbili.

Dhana: Barafu ya ncha ikiyeyuka, Ziwa Victoria hupanda

Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Barafu yote iliyolala nchi kavu, ya Antaktika na Greenland pamoja, ikiyeyuka hadi tone la mwisho, bahari itapanda mita 65 hadi 70. Hapo sehemu kubwa ya Dar es Salaam itakuwa imezama, na Mwanza bado iko zaidi ya kilomita moja juu ya maji hayo. Bahari haipandi mlima.

Wakibanwa hapo, wengine hukimbilia Kilimanjaro. Nako hakuna njia: maji ya mlima ule huishia Bahari ya Hindi kupitia mito kama Pangani na Galana. Barafu ya Rwenzori iko karibu zaidi, lakini nayo hushukia Ziwa George, Ziwa Edward na Mto Semliki hadi Ziwa Albert. Inatupita pembeni. Mpe kila mwanafunzi ramani ya mito na penseli ya bluu, afuate mto mmoja mmoja kwa kidole kabla ya kuuchora. Hatapata hata mmoja unaoleta maji ya barafu ziwani.

Ziwa hili linaishi kwa mvua. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito, Kagera ikiwa mkubwa kuliko yote, huleta yaliyobaki. Mengi hutoka kwa kugeuka mvuke, mengine hupita Jinja kuingia Nile. Hesabu yake ifanyike ubaoni: eneo la ziwa ni kilomita za mraba 68,800 hivi. Milimita 1 tu ya mvua juu yake ni mita za ujazo milioni 68.8. Wengi hukosea palepale pa kugeuza kilomita za mraba kuwa mita za mraba. Wanazidisha kwa 1,000 badala ya 1,000,000. Wasimamishe hapo, usiwape jibu.

Sasa 2020. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko upande wa Indonesia, tofauti kubwa isiyo ya kawaida. Vuli ikamwaga, masika ya 2020 yakaongezea juu yake, na Mei ziwa likaipita kidogo rekodi ya 1964. Rekodi hiyo nayo ilianza na vuli ya 1961, bahari ikiwa katika hali kama hiyo, na ziwa likapanda zaidi ya mita 2. Hapo ndipo suala la dunia nzima linapougusa ufuko wa Mwanza: kupitia joto la bahari na mvua. Na hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Hilo lifundishwe. Lakini usimwambie mtoto kwamba kila kupanda kwa ziwa ni mabadiliko ya tabianchi, maana atakuuliza kuhusu 1961 na 1964, na atakuwa na haki. Atauliza pia kuhusu 2005 na 2006, ziwa liliposhuka kwa ukame pamoja na maji mengi kufunguliwa kwenye mabwawa ya Jinja.

Kwa jaribio, kata vichwa vya chupa tatu za maji za lita 1.5. Chupa A ni barafu ya nchi kavu: weka jiwe linalochomoza juu ya maji, barafu ikae juu ya jiwe. Chupa B ni barafu inayoelea baharini: barafu ielee. Chupa C ina maji matupu, nayo ndiyo ziwa letu. Ukichukua sentimita 1 kwa kila mita 70, C inatakiwa kukaa sentimita 16 juu ya maji ya A. Ipandishe kwa matofali na upime kwa rula. Piga mstari wa marka kwenye A na B *baada* ya kuweka barafu. Ikiyeyuka, A imepanda, B iko palepale, C haina habari.

Huharibika kwa sababu zilezile kila mara. Maji ya B yakiwa machache barafu hugusa chini, haielei. Mstari wa B ukipigwa kabla ya barafu, maji yataonekana yamepanda na darasa zima litaondoka na uongo. Barafu ya A ikiteleza kwenye jiwe, umebaki na B mbili, kwa hiyo chagua jiwe lenye mgongo bapa. Na donge kubwa kama zile za kupozea samaki halimalizi kuyeyuka ndani ya dakika 80 za kipindi pacha. Lipondwe vipande vidogo kuliko yai.

Shule iliyo karibu na maji ipake alama ya rangi ya mafuta kwenye jabali na kupima kila wiki, asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamsha mawimbi. Wapime wakiwa juu ya jabali. Wasiingie majini, kichocho hakijali kwamba ni somo la vitendo.

Dhana: Gugu maji ndilo ugonjwa wa ziwa

Ni dalili. Mmea huu wa Amerika Kusini ulionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na unanona kwa nitrojeni na fosforasi zinazoshuka kutoka mashambani, vyooni na kwenye mifereji. Msimamishe mwanafunzi darajani Mto Mirongo, ajionee unachobeba.

Dhana: Sangara peke yake alimaliza furu

Aliletwa miaka ya 1950, na kweli aliwala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili. Ila maji yaliyochafuka na kupungukiwa oksijeni nayo yalichangia.

Dhana: Masika mabaya mwaka huu, basi tabianchi imebadilika

Mwaka mmoja ni hali ya hewa. Tabianchi ni wastani wa miaka 30 hivi.

Dhana: Joto la dunia linatokana na tundu la ozoni

Hapana. Ozoni huzuia mionzi ya jua inayounguza ngozi. Joto linazuiwa lisitoke na gesijoto, hasa kabonidayoksaidi, iliyotoka sehemu 280 kwa kila sehemu milioni za hewa kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420 sasa. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulipiga vita gesi za majokofu zilizotoboa ozoni. Baadhi ya gesi zilizochukua nafasi yake haziidhuru ozoni lakini zinaongeza joto, ndiyo maana mkataba ukarekebishwa mwaka 2016 huko Kigali, mji ambao mvua yake hushuka kwa Nyabarongo na Kagera hadi ziwani kwetu. Anayeandika ozoni kwenye swali la joto, usimpe hata nusu alama.