Picha ya vita ya Kijapani uliyorithi: tazama mgongo kabla ya kuuliza bei

Picha nyingi za aina hii, zinazochapwa kwa ubao uliochongwa na kupakwa rangi, zilitolewa wakati wa vita vya Japani na China, 1894 hadi 1895. Kobayashi Kiyochika na Mizuno Toshikata ni miongoni mwa wachoraji wake wanaojulikana. Tukio moja mara nyingi hujaza karatasi tatu zinazopangwa sambamba, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 37 hivi na upana wa 25. Ikikosekana moja, thamani hushuka sana, kwa hiyo pekua makabati na masanduku yote ya marehemu kwanza.

Nawa mikono, ikauke kabisa, kisha toa picha kwenye fremu. Ikiwa imegandishwa kwenye kadibodi, iache hivyo hivyo. Kuibandua ni kazi ya mhifadhi wa karatasi. Geuza upande wa nyuma. Picha iliyochapwa kwa mbao huonyesha rangi iliyopenya karatasini, na mara nyingi michirizi ya kifaa cha mkono kilichosugua karatasi juu ya ubao. Sasa chukua lenzi inayokuza mara 10. Ukiona vitone vidogo vilivyojipanga kwa safu, hiyo ni nakala ya mashine.

Sahihi isikudanganye. Imechongwa kwenye ubao pamoja na mchoro, hivyo hata nakala iliyochapwa upya huwa nayo. Ukingoni ndiko kwenye habari zaidi: jina la mchapishaji na tarehe. Ukikuta alama 明治 (Meiji, jina la enzi ya Kijapani), soma namba ya mwaka inayofuata, kisha ongeza 1867. Mwaka wa 27 ni 1894. Inasikitisha kwamba wengi walikata kingo hizo ili picha itoshe kwenye fremu, wakatupa ushahidi wote.

Linganisha rangi ya katikati na ile iliyofichwa na fremu. Zambarau na nyekundu za viwandani hufifia kwa mwanga, na rangi iliyofifia hairudi. Usibandike selotepu, usipige pasi, usiondoe madoa kwa dawa ya kung'arishia nguo: karatasi hudhoofika na bei hupungua zaidi.

Picha hizi zilichapwa kwa wingi, basi umri pekee hauzifanyi ghali. Linganisha na bei zilizolipwa kweli mnadani kwa picha ileile yenye hali inayofanana, wala si bei anazotaja muuzaji. Mweleze mthamini kama unataka thamani ya bima au ya kuuza, maana ya bima kwa kawaida huwa juu. Mpelekee vipimo pamoja na picha ulizopiga kwa kamera za mbele, nyuma na kila ukingo.