Kuhamisha Kurasa za Tovuti Bila Kupoteza Nafasi Google

Wafanyabiashara wanaofika katika kitengo chetu cha mafunzo ya kidijitali hapa Nairobi huja na malalamiko yanayofanana. Tovuti imetengenezwa upya, inapendeza, inafunguka haraka kwenye simu, lakini wateja waliokuwa wakiipata kupitia Google wametoweka. Wengi huwa wameambiwa kwamba Google imebadilisha kanuni zake. Tukichunguza, mara nyingi tunakuta kilichobadilika ni anwani za kurasa, na hakuna aliyeacha maelekezo ya zilikohamia.

Google huorodhesha ukurasa mmoja mmoja, kila mmoja kwa anwani yake. Chukua duka la vipuri la Kirinyaga Road ambalo hujitokeza juu mtu akitafuta pampu ya maji ya Probox. Kilichopanda pale ni ukurasa mmoja wenye anwani mahsusi, ambayo pengine gereji kadhaa zimeiweka kwenye tovuti zao. Viungo vya namna hiyo vimekuwa miongoni mwa vigezo vya Google tangu Larry Page na Sergey Brin walipobuni PageRank, mbinu ya kupima uzito wa ukurasa kwa viungo vinavyouelekea, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1990, na thamani yake hushikamana na anwani. Fundi akiibadilisha anwani hiyo, hata kwa kuondoa neno moja tu, anayefuata kiungo cha zamani hukutana na 404, yaani namba ya ukurasa usiopatikana, na ukurasa mpya huanza kama mgeni asiye na mdhamini.

Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, inaweza kuagizwa imwambie kila anayebisha kwamba ukurasa umehamia mahali fulani. Jibu hilo, yaani uelekezaji, huja na namba: 301 na 308 humaanisha umehama kabisa, 302 na 307 humaanisha umehama kwa muda. Google huichukua 301 kama ishara nzito kwamba anwani mpya ndiyo ya kuonyeshwa. Kwa 302 ishara ni dhaifu, na anwani ya zamani inaweza kubaki kwenye matokeo. Kwenye seva zinazotumia programu ya Apache, amri ya Redirect ikiandikwa bila namba hutoa 302. Kwa hiyo fundi anaweza kusema ameelekeza kila kitu, awe mkweli kabisa, na bado kazi isiwe imekamilika.

Wapo wanaoogopa kwamba 301 yenyewe hula sehemu ya thamani ya viungo. Hofu hiyo imepitwa na wakati: mwaka 2016 Gary Illyes wa Google alieleza kuwa uelekezaji wa aina hizi haupotezi tena PageRank.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuzielekeza anwani zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo. Ni njia rahisi, mstari mmoja tu wa maagizo, na ndiyo maana hupendwa. Lakini mteja aliyetafuta pampu akitupwa kwenye picha ya duka na maneno ya karibu, huondoka. Google nayo inaweza kuuhesabu uelekezaji huo kuwa sawa na ukurasa usiopatikana. Kinachotakiwa ni jedwali: safu moja ya anwani zote za zamani, safu ya pili ya ukurasa mpya wenye maudhui yale yale. Bidhaa mliyoacha kuuza na isiyo na mbadala iachwe itoe 404 au 410 (ukurasa ulioondolewa kabisa), hakuna ubaya. Kazi ya jedwali inachosha, na ifanywe kabla tovuti ya zamani haijazimwa, kwa sababu baada ya hapo hata kuzikumbuka anwani zenyewe ni shida.

Epukeni pia minyororo, pale anwani ya kwanza inapopeleka kwa ya pili, na ya pili kwa ya tatu. Roboti ya Google, programu inayopita kwenye tovuti kusoma kurasa, hufuata hadi hatua 10, lakini Google yenyewe inashauri zisizidi 3. Zaidi ya roboti kuna binadamu: kila hatua ni safari nyingine ya kwenda kwenye seva, na mtu aliye kwenye matatu Thika Road, mtandao ukisuasua, hatasubiri.

Uelekezaji udumu angalau mwaka mmoja. Kwa maoni yangu, usiondolewe kamwe. Mkihama kutoka .co.ke kwenda .ke, endeleeni kulipia jina la zamani. Likiisha muda, uelekezaji wote hufa nalo, na mtu mwingine anaweza kulisajili. Kwa kuhama jina, tumieni pia zana ya kuijulisha Google iliyo ndani ya Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, kisha rekebisheni viungo vya ndani ya tovuti na ramani yake (sitemap), yaani faili linaloorodhesha kurasa zake.

Nafasi kuyumba kwa wiki chache ni kawaida, kwa hiyo chagueni msimu mtulivu. Muuza sare za shule asihame Desemba wala Januari. Na kama sababu pekee ni sura mpya, acheni anwani kama zilivyo, kwani muundo mpya hauhitaji anwani mpya.

Kabla ya kumlipa fundi salio lake, chukua anwani kadhaa za zamani kutoka ripoti ya Search Console, zile zilizokuwa zikileta wateja wengi, uzifungue moja moja kwenye simu yako. Kila moja ikufikishe kwenye ukurasa wa bidhaa ile ile. Kisha mwombe akuonyeshe namba ambayo seva inatoa.